Wakisema mauzo ya gari la umeme yamepanda, waulize yamepanda kutoka ngapi

(Ifuatayo ni mada aliyoitoa mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa bodaboda na bajaji mjini Kibiti. Tunaichapisha kama alivyoisoma, tukipunguza tu salamu na utani wa hapa na pale kwa sababu ya nafasi. - Mhariri)

  

Nimetoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri, nimebanwa kwenye kiti cha nyuma na gunia la mtu ambalo mpaka sasa sijui lilikuwa na nini. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni kama kilomita 140. Naomba mwishike namba hiyo, maana nitairudia.

Walionialika walitaka nizungumze siasa. Nikawaambia siasa mtaisikia mpaka mchoke, mie naomba nizungumze juu ya mauzo ya magari ya umeme, mwezi kwa mwezi. Naona wengine mnagunia. Kibiti na gari la umeme wapi na wapi? Huko deltani kwenye mikoko hata hiyo barabara ya gari la petroli ni ya kutafuta! Subirini. Mkishanisikia ndipo muamue kama niliyoyaleta ni ya Ulaya au ni ya hapa hapa.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nianze na aibu yangu. Mimi nimeishia kidato cha nne. Hesabu nilipata F, na sikulia, kwa sababu darasa karibu zima tulipata F. Nikaingia kwenye uandishi wa kujitegemea, ule wa kulipwa kwa habari iliyotoka. Habari isipotoka unalala na njaa. Siku moja nikaitwa na muuzaji mmoja wa bajaji za umeme jijini. Jina lake nalihifadhi, halina maana hapa. Akanipa soda, akanipa karatasi moja imeandikwa kwa kompyuta, imeandikwa kwamba mauzo yake ya mwezi yamepanda kwa asilimia 200. Akanipa na nauli. Mnajua nauli ninayoizungumzia.

Nikaandika. Kichwa cha habari kilikuwa kikubwa: umma wakimbilia bajaji za umeme. Mhariri alifurahi. Mimi nilifurahi. Na binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuwa anaendesha bajaji ya bosi kwa hesabu ya kila siku, naye akafurahi mno. Akakata ile habari kwa mkasi, akaenda nayo kwenye lile duka, akatoa akiba yake yote ikawa malipo ya awali, akaandikiwa mkataba wa kulipa kila wiki. Aliniambia, "Mdogo wangu, kama wewe umeandika, mie nina wasiwasi gani?"

Ikaja masika. Maji yakaingia kwenye kile kisanduku kinachoongoza moto wa mota. Bajaji ikazima barabarani, abiria wakashuka wakaondoka na nauli yao. Fundi wa mtaani akaifungua, akaifunga, akasema hii si ya kwake. Pale dukani wakamwambia spea inasubiri meli. Meli ilisubiriwa wiki saba. Mkataba haukusubiri hata wiki moja.

Nilirudi kwa yule muuzaji kwa hasira. Nikamwomba anionyeshe hiyo asilimia 200. Akafungua daftari bila wasiwasi wowote, kwa sababu hakuwa amesema uongo. Mwezi wa kwanza aliuza bajaji mbili. Mwezi uliofuata akauza sita. Mbili kwenda sita ni ongezeko la nne, na nne ni mara mbili ya mbili, basi ni asilimia 200. Hesabu ni sahihi kabisa. Umma niliouandika kwamba umekimbilia walikuwa watu sita, na mmoja wao ni ndugu yangu.

Tangu siku hiyo nimejifunza hesabu ukubwani, na leo nimewaletea kidogo ya hiyo niliyojifunza.

MIEZI MNAIJUA NYINYI

Hebu niwaulize wenyeji. Pikipiki zinauzwa sana mwezi gani hapa Kibiti? (Sauti: "Ufuta!") Sawasawa. Ufuta ukishafika mnadani, kuanzia kama Juni na Julai, watu wana mshiko, na kila kona pikipiki mpya ina nailoni kwenye siti. Halafu panatulia. Halafu inakuja korosho, Oktoba hadi Desemba, zinatoka tena. Februari na Machi je? Pikipiki zimekaa dukani zinapigwa vumbi, na muuzaji anawakopesha hata wale aliowafukuza mwezi Novemba.

Sasa akija mtu na karatasi kutoka Dar akisema, "Mauzo ya pikipiki Kibiti yamepanda maradufu Julai ukilinganisha na Aprili, Kibiti inaendelea kwa kasi," nyinyi mtacheka. Mtamwambia, bwana mdogo, huo ni ufuta. Kama unataka kujua tumeendelea au tumerudi nyuma, chukua Julai hii uilinganishe na Julai iliyopita, na uulize ufuta ulinunuliwa bei gani mwaka huu na mwaka ule.

Ndugu zangu, hicho mlichokisema ndiyo elimu yote ya kusoma mauzo ya kila mwezi. Wenzetu wa Ulaya wanalipwa mishahara mikubwa kwa jambo hilo hilo. Wao hawana ufuta, lakini wana vitu vinavyofanya kazi ya ufuta.

UFUTA WA WAZUNGU

Chukua Ujerumani. Serikali yao ilikuwa inampa ruzuku anayenunua gari la umeme. Katikati ya Desemba 2023, kwa ghafla, wakatangaza kwamba ruzuku imefutwa. Desemba hiyo yaliandikishwa magari mapya ya umeme elfu 54 na ushee. Januari 2024 yakaandikishwa elfu 22 na ushee. Magazeti yakapiga kelele kwamba gari la umeme limekufa, limeanguka kwa zaidi ya nusu katika mwezi mmoja!

Lakini mwandishi mwingine, kwa takwimu ile ile ya Januari 2024, angeweza kuandika kwamba mauzo yamepanda kwa karibu robo. Vipi? Kwa sababu Januari ya mwaka uliotangulia, 2023, yaliandikishwa elfu 18 na ushee tu. Na kwa nini Januari 2023 ilikuwa mbaya hivyo? Kwa sababu Desemba 2022 ilikuwa na magari zaidi ya 104,000, watu walikimbilia kununua kabla ruzuku haijapunguzwa mwaka mpya. Mnaona mchezo? Takwimu moja inazaa habari mbili zinazopingana na wala hakuna aliyedanganya. Mwenye hila anachagua mwezi wa kulinganisha kama vile mchuuzi wa samaki anavyochagua upande wa mizani.

Ukitaka ukweli unatazama mwaka mzima. Na mwaka mzima wa 2024 Wajerumani walinunua magari mapya ya umeme pungufu kwa zaidi ya robo kuliko 2023. Basi wale waliosema yameanguka walikuwa karibu na ukweli, ila si kwa sababu ya ile Januari.

Marekani nako punguzo la kodi la dola 7,500 kwa gari jipya la umeme lilikoma tarehe 30 Septemba 2025. Septemba watu walijazana madukani, Oktoba maduka yakawa kama Kibiti mwezi Machi. Norway, ambayo mwaka 2024 karibu magari mapya 89 kati ya kila 100 yalikuwa ya umeme, nayo Januari 2023 ilipata mwezi mkavu kwa sababu kodi ilibadilika usiku wa mwaka mpya na kila mwenye akili alikuwa amenunua Desemba. China mauzo hushuka Januari au Februari wakati wa sikukuu yao ya mwaka mpya. Lakini ilipofika Julai 2024, kwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya magari mapya madogo yaliyouzwa kwa wateja China yalikuwa ya kuchomeka kwenye umeme, yakiwemo yale yenye umeme na petroli pamoja. Dunia nzima mwaka 2024 yaliuzwa zaidi ya milioni 17 ya aina hiyo, ambayo ni zaidi ya moja katika kila magari mapya matano.

Kwa hiyo asije mtu akatoka hapa akasema mimi nimekuja kuyapinga magari ya umeme. Hili jambo lipo na linakuja. Nisemalo ni kwamba linakuja kwa amri za serikali na kwa kodi kuliko kwa mapenzi ya mnunuzi. Ethiopia mwanzoni mwa 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli, kwa kuwa dola za kununulia mafuta hazipo na umeme wa mabwawa upo. Kigali, Rwanda, kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria haiandikishwi kama si ya umeme. Hebu wazia asubuhi moja unaamka Kibiti unasikia tangazo kama hilo redioni, na wewe bado unadaiwa miezi minane ya mkataba wa pikipiki ya petroli! Hapo ndipo utajua kwa nini nimepanda gari kuja kuzungumza haya.

JUMATANO YA KWANZA

Sisi hapa tunayo takwimu moja ya kila mwezi ambayo hakuna bodaboda asiyeijua, nayo ni bei ya mafuta ya EWURA, Jumatano ya kwanza ya mwezi. Agosti 2022 petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita, na hiyo ilikuwa serikali imeshaanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Mwaka uliofuata, Julai 2023 ilikuwa 2,736, Agosti ikawa 3,199. Shilingi 463 kwa usiku mmoja! Na hizo ni bei za Dar. Mkazi wa deltani anayenunua petroli kwenye chupa ili awashe mashine ya boti hana habari na bei elekezi, bei yake anaelekezwa na mwenye chupa.

Mwaka kama huo, kila muuzaji wa chombo cha umeme anakuwa nabii. Na hesabu yake ya mafuta ina ukweli, wacha tuifanye hapa hadharani. Bodaboda wa kilomita 120 kwa siku anatumia kama lita tatu. Weka shilingi 3,000 kwa lita ili tusisumbuane, ni 9,000. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huo itakula kama uniti tano. Uniti moja ya LUKU kwa mteja wa kawaida, pamoja na kodi zake, ni kama 356. Uniti tano ni 1,780. Faida ya siku moja ni zaidi ya 7,000. Nani asiyeitaka?

Sasa subiri, kwani karatasi ya muuzaji inaishia hapo, na yetu inaendelea. Betri ni kama mbuzi wa maziwa, ipo siku atakauka. Petroli unailipa kidogo kidogo kila siku, betri utailipa siku moja kwa mpigo. Ukitenga 3,000 kila siku ya kazi, kwa siku 26 ni 78,000 kwa mwezi, ni 936,000 kwa mwaka. Kama hutengi, basi ile faida umeikopa kwa betri na betri atakuja kuidai. Binamu yangu hakutenga. Angetenga na nini, wakati wiki inaisha mkataba unagonga mlango?

Na jambo la pili ambalo karatasi haisemi ni fundi. Pikipiki ya petroli ikikufia Bungu au Jaribu Mpakani, kuna kijana chini ya mwembe ana spana na waya na baada ya nusu saa unaondoka. Ya umeme ikikufia pale, unaipakia kwenye fuso. Kabla ya kuuliza chombo kinauzwa bei gani, uliza ni mafundi wangapi kati ya Mbagala na Ikwiriri wanaweza kukifungua. Jibu likiwa hakuna, hilo ndilo bei yake halisi.

GARI LA MJAPANI NA KILOMITA 140

Nilisema mshike kilomita 140. Wako vijana mjini wanaoagiza magari ya mitumba kutoka Japani kwa simu, na humo wanakutana na gari la umeme liitwalo Nissan Leaf kwa bei ya kushangaza. Bei inashangaza kwa sababu. Leaf lilianza kuuzwa Desemba 2010. Yale ya mwanzo betri yake ni ya uniti 24, na likiwa jipya kabisa, kwa vipimo vya Marekani, lilikwenda kama kilomita 117. Jipya! Sasa toa 117 kwenye 140, uone unalala wapi.

Betri ya gari hilo inapozwa kwa hewa tu, na joto huizeesha upesi. Wamarekani wa Arizona, kwenye jangwa, walilalamika mapema, mwaka 2012. Na Dar es Salaam si Ulaya, bwana. Kwenye dashibodi pembeni ya kipimo cha chaji kuna vimistari 12 vidogo vinavyoonyesha uzima wa betri. Vikibaki vinane, betri imepoteza kama theluthi. Gari la kilomita 117 limekuwa la kilomita 78. Utatoka Dar, utaipita Mkuranga kwa madaha kimya kimya bila moshi, halafu utasimama katikati ya mikorosho, na bodaboda wa petroli ndiye atakayekuchukua. Kwa hiyo mwenye kuagiza na aombe picha ya dashibodi likiwa limewashwa, ahesabu vimistari. Rangi ya gari haina betri.

Kwa mizunguko ya mjini tu, nakiri, hesabu yake si mbaya. Uniti 24 ni 8,544, na kwa kilomita hizo hizo gari dogo la petroli linakula kama lita saba, yaani 21,000. Ila kuna mtego kwa wale wa umeme wa bei nafuu, ule wa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Chaji mara tatu tu umefika uniti 72. Taa na redio zimebakiziwa uniti tatu. Wenzetu Kenya mwaka 2023 walitenga bei maalumu ya umeme wa vyombo vya moto, shilingi zao 16 kwa uniti, na saa za usiku wa manane 8 tu. Hilo ni jambo la kudai kwa EWURA na Tanesco, tena kwa maandishi, si kijiweni.

Kwa haki ya nyumbani nimtaje na mchora katuni Masoud Kipanya, ambaye Machi 2022 alizindua gari dogo la umeme la kampuni yake ya Kaypee Motor. Wapo waliomcheka. Mimi nasema afadhali huyo aliyethubutu kuliko vigogo wenye mashangingi yasiyojua hata bei ya EWURA ya mwezi huu, maana mafuta yake mnayalipa nyinyi. Na kama ni kuhesabu abiria, chombo cha umeme cha kweli nchini ni treni ya SGR, iliyoanza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata. Ile haimulizi mtu kuhusu vimistari.

UMEME WA MTO WENU

Nimefika mahali ambapo nilikuwa napaogopa, kwa kuwa hapa nyinyi ndio walimu.

Umeme wote huu unaosemwa kwamba utayaendesha magari unatoka wapi? Unatoka kwenye mto wenu. Bwawa la Julius Nyerere, pale Stiegler's Gorge kama tulivyozoea kupaita, mkataba wake na makampuni ya Misri ulisainiwa Desemba 2018, kwa kama shilingi trilioni 6.5. Maji yakaanza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Mtambo wa kwanza ukawasha Februari 2024, na 2025 yote tisa ikawa tayari. Kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Wakati mtambo wa kwanza unawashwa, mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima yalikuwa hayajafika megawati 2,000. Yaani bwawa moja linaizidi nchi! Mwezi mchache baada ya mgawo wa umeme uliotutesa tangu mwishoni mwa 2023, Tanesco wakazima baadhi ya mitambo ya maji kwa sababu umeme umezidi. Umeme unapozidi, serikali yoyote itatafuta wa kuununua, na gari la umeme ni mlaji mzuri, analala usiku akiwa amechomekwa.

Kwa hiyo usishangae ukisikia miaka ijayo gari la umeme likipigiwa debe kila kona. Sababu yake iko kwenye mto huu huu wenu.

Lakini Aprili 2024, mwezi huo huo ambao nchi ilikuwa inafurahia umeme kuzidi, maji yalijaa Rufiji na Kibiti. Nilikuja kuandika. Nilifika Muhoro, nikakuta mitumbwi imefungwa kwenye milango ya nyumba. Chumbi mashamba ya mpunga yalikuwa ziwa. Mzee mmoja aliniambia amepoteza mahindi, ufuta na kuku, na kwamba kuku ndio waliomuuma zaidi kwa sababu aliwasikia wakilia usiku. Wakazi wengi walisema ni maji yaliyofunguliwa bwawani. Tanesco wakasema mvua zilizidi kimo na kwamba bila bwawa mafuriko yangeanza mapema zaidi na yangekuwa makubwa zaidi. Wabunge wakabishana Dodoma. Mimi si mhandisi, sitawaamulia hapa nani mkweli. Niliyoyaona ni kwamba mlipaji alikuwa mkulima wa bondeni. Mei ikafuata kimbunga Hidaya, barabara ya Kusini ikakatika huko Somanga, na magari ya mafuta yakapanga foleni pamoja na ya abiria.

Na umeme wenyewe, ukishazalishwa, unasafiri kwa nyaya za kilovoti 400 kilomita 160 hadi Chalinze. Chalinze! Unawapita watu wa Rufiji juu kwa juu kama ndege ya wakubwa, unakwenda kuungwa na gridi, ndipo urudi kwa njia zake kama mgeni. Kijana wa Ikwiriri akienda kununua uniti, anauziwa kwa bei ile ile ya mtu wa Masaki ambaye hajawahi kuuona mto Rufiji hata kwenye picha.

Sasa akija mtu hapa Kibiti na pikipiki ya umeme na karatasi yenye asilimia, muulizeni mambo hayo yote kwa pamoja. Mwezi gani unalinganisha na mwezi gani? Kutoka chombo kimoja au kutoka elfu moja? Waliokuwa na deni mwaka jana bado wanavyo vyombo, au vimenyang'anywa vikauzwa tena na kuhesabiwa mara ya pili? Hilo la mwisho nililiona kwenye daftari la yule muuzaji wangu. Bajaji ya binamu yangu ilipochukuliwa na kuuzwa kwa mtu mwingine iliandikwa kuwa ni mauzo mapya ya mwezi. Chombo kimoja, mauzo mawili, wakulima wawili wa deni.

Na kuna wa kutusaidia kama angetaka. Kila chombo cha moto kinachoandikishwa nchini kinapita TRA, na kwenye kadi kuna nafasi ya kuandika kinatumia mafuta gani. Ina maana kompyuta ya TRA inaweza kutoa kila mwezi idadi ya magari, bajaji na pikipiki za umeme zilizoandikishwa, mkoa kwa mkoa, bila kumtuma mtu popote. Norway wanaitoa mwanzoni mwa mwezi na kila mtu anaisoma. EWURA wanaweza kutangaza bei ya petroli kila Jumatano ya kwanza. Sijawahi kuona gazetini ubao wa TRA wa namna hiyo, na nasoma magazeti yote kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ungekuwepo siku ile nilipopewa soda, ningeutazama, ningeona sita, na ile habari nisingeiandika. Nimeandika barua kuomba takwimu hizo. Nakala ninayo hapa mfukoni, atakayetaka aione, na kama kuna watakaosaini pamoja nami kwa niaba ya kijiwe hiki kalamu ninayo pia.

Binamu yangu yuko salama. Amerudi kwenye bajaji ya bosi, ya petroli, na hesabu ya kila siku. Ananisalimia vizuri tu, ila habari zangu siku hizi hazikati kwa mkasi.

Gari langu la kurudi linaondoka saa kumi na dereva ameshaanza kupiga honi, kwa hiyo nipokee maswali machache. Kuna kaka pale nyuma, mwenye kofia, ameinua mkono tangu nilipotaja Chalinze. Karibu, kaka.